Uso wa Bakari Kwenye Nguo ya Njano

Jumatatu, 5 Septemba 1994. Newala.

Fulana za michezo za shule bado. Mwalimu kaja tena asubuhi. Mhaya, mrefu, shati ndani ya suruali, anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Kaleta picha ya simba aliyoikata kwenye kalenda. Simba ana rangi saba, nyuma yake kuna jua na nyumbu wanakimbia. Anataka vyote vikae kifuani, ukubwa wa kiganja. Nikamwambia, Mwalimu, kila rangi hapo inataka fremu yake ya wavu ya kuchapia, kila fremu inataka ndoo yake ya maji ya kuoshea, na ndoo ya maji Newala mwezi wa tisa unaijua mwenyewe. Akakubali simba wa rangi moja. Nyumbu nimewafuta wote.

Kazi hii ya kuchapa nguo nimeifanya Mombasa, Dar na Blantyre. Mlima huu mzima hakuna anayeandaa mchoro kama mimi. Wengine wanachora tu. Mimi nauliza kwanza nguo ina rangi gani. Niliishia darasa la sita lakini hilo swali wenye vyeti hawalijui.

Bakari yuko kwenye cherehani yake, hatua tatu kutoka meza yangu. Akasema simba wangu ni mbuzi wa Kiyao. Nikamjibu ninyi Wamakonde simba mtamjulia wapi, mlipanda huku juu kutukimbia sisi Wayao mkasahau kubeba maji. Miaka minane tuko baraza moja, ndivyo tunavyoamkiana. Mimi Myao wa Masasi, yeye Mmakonde wa hapa, ni mtani wangu. Nikimtukana hana ruhusa ya kununa. Akinitukana ndiyo hivyo hivyo.

Leo hakurudisha. Nilipogeuka alikuwa ametoa miguu kwenye pedali, ameshika kinena, macho kayafumba.

Jumatano, 7 Septemba

Mama Zainabu, mkewe, kanivuta kando sokoni. Ni ngiri. Mwaka mzima jamaa anayo, kaificha ndani ya msuli kama mtu aliyeiba nazi. Na anakanyaga cherehani nayo! Daktari kasema utumbo ukinasa pale hafiki hata Masasi. Apasuliwe. Wamempa Alhamisi ya tarehe 22, hospitali ya misheni, kule kupita Masasi. Ikipita hiyo, daktari wa kupasua anakwenda likizo kwao Ulaya na harudi mpaka mwakani.

Sasa balaa. Jumamosi tarehe 24 Zainabu anaolewa. Binti yao wa pekee. Bwana harusi ni karani wa bandari Mtwara, likizo yake haisogei, ndugu wameshaalikwa hadi ng'ambo ya Ruvuma. Bakari kasema yeye haendi kulala kitandani wakati binti yake anatolewa ndani. Kasema ngiri imengoja mwaka, itangoja mwingine.

Nimeogopa. Naliandika hapa kwa kuwa daftari halicheki.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimepayuka. Tulikaa wote watatu kwao, Mama Zainabu analia kimyakimya, Bakari anatazama mkeka. Mimi nikasema: mtani, tatizo lako ni kwamba unataka kuonekana. Basi nitakuchapa. Uso wako, mkubwa, kifuani kwa mashangazi wote wa bibi harusi. Wanawake kumi na wawili. Utacheza kuliko ungekuwepo, maana wewe mwenyewe kucheza hujui.

Akaukunja ukingo wa mkeka. Halafu akasema, "Sio kwenye kafa Ulaya."

Yaani mitumba. Anaichukia kama ukoma. Tangu biashara ifunguliwe na marobota yaanze kupanda mlimani, hakuna anayeshona shati jipya. Mimi ndiyo imenipa kula, nachapa juu ya majina ya timu za Wazungu. Yeye imemnyang'anya. Kasema blauzi atazikata mwenyewe, kitambaa kipya, nami nichape kipande cha mbele kabla hakijashonwa. Uso wake ukiwa mzuri, atakwenda hospitali. Ukiwa mbaya haendi.

Mama Zainabu akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikasema usijali shemeji, mimi nimechapa hadi rais. Kweli nilimchapa, Blantyre, ingawa kazi yangu ilikuwa kushika taa.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimemchora Bakari. Picha anayo moja tu, ya kitambulisho, ndogo kama stempu, anafanana na mtu aliyekamatwa. Nikamwambia kaa hapo kwenye mwanga, funga mdomo wako wa Kimakonde.

Miaka minane namtazama, kumbe sijawahi kumwona. Ana kovu linalokata nyusi ya kulia. Chale tatu nyembamba kila shavu, za utotoni. Mdomo wake umekaa upande mmoja kwa kubana pini, hata siku asiyokuwa nazo bado anabana. Mvi zimeanzia juu ya masikio, zinapanda. Nilipofika kwenye macho nikapata shida. Alikuwa ananitazama tu, bila mzaha. Macho ya mtu anayeuliza kitu.

Nikamwambia acha kunitazama kama mke wangu wa pili. Akacheka, akashika kinena.

Nilirudia macho mara tano.

Jumatatu, 12 Septemba

Kitambaa: zambarau nzito. Mashangazi wamechagua. Basi nguo ni nyeusinyeusi, wino utakuwa mweupe. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mwisho sichori giza, nachora mwanga. Paji la uso, mgongo wa pua, mashavu, weupe wa macho, meno. Hivyo ndivyo navipaka wino mweusi kwenye karatasi, ndivyo vitakavyochapwa vyeupe. Chale, mvungu wa macho na nywele naviacha, kitambaa chenyewe kitavifanya.

Mtu asiyejua akiiona karatasi hii atasema nimechora shetani. Ndiyo ufundi. Mwanafunzi wangu mmoja Dar alishindwa kulielewa jambo hili akaenda kuuza karanga.

Nimepaka karatasi mafuta ya kula ipitishe mwanga. Imekaa kama kioo. Nzuri. Nzuri sana. Mimi ni hatari.

Jumatano, 14 Septemba

Fremu iko tayari. Dawa ya kushika mwanga niliipaka jana kwenye wavu wake, chumba cha ndani, madirisha nimeziba na magunia. Leo saa nne nimeitoa juani na karatasi juu yake na kioo juu ya karatasi. Nikahesabu kwa sauti mpaka mia mbili. Jua linakausha dawa kila mahali, palipofunikwa na wino panabaki laini. Halafu unaosha haraka, ile laini inatoka, uso unafunguka kwenye wavu wenyewe.

Maji: ndoo moja. Mama mmoja kapanda nayo kutoka bondeni kichwani, saa mbili za kupanda. Nikamwaga kikombe kikombe kama namwosha mtoto mchanga. Chini niliweka beseni, yale machafu nikafulia suruali, kisha nikamwagia mpapai. Mombasa tulikuwa tunafungua bomba na kwenda kunywa chai.

Uso ukatoka. Bakari kasogea akauangalia kwenye mwanga. Hakupata la kutukana. Kwake hiyo ni sifa.

Alhamisi, 15 Septemba

Mashangazi wamegeuka. Shangazi mkubwa, Bi Somoe, kasema zambarau ni nzito, mtu akiiona kwa mbali anadhani kaniki, wanawake wa msibani. Wanataka njano. Bakari kahangaika duka hadi duka, kapata njano mpauko, kaikata usiku huohuo. Vipande vya zambarau alivyokwisha kukata kavitupa chini ya meza yangu. Nikamwambia mtani usijali, tatizo dogo, nabadili wino tu. Mweupe hautaonekana kwenye njano. Naweka mweusi wa kahawia.

Ijumaa, 16 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Tumetoka swala ya Ijumaa. Nikatandika kipande cha kwanza, nikavuta wino mara mbili, nikainua fremu na macho yangu yako upande wa pili, maana Bakari alikuwa ameegemea ukuta, uso wa majivu. Nikachapa cha pili. Cha tatu. Nikaviangika kambani nje, migongo kwangu. Hapo akaanguka. Si kuanguka sana, alikaa chini vibaya. Nikaacha kila kitu nikambeba ndani.

Wakati huo kaka yake mkubwa, Mzee Athumani, alikuwa anaingia kutoka Makote na kuku wa harusi. Akakuta kambani zinapepea nyuso tatu.

Nilisikia kuku wanapiga kelele chini. Nikatoka. Na mimi ndipo nikaona.

Paji jeusi. Macho mashimo meusi yenye kitone cha njano katikati. Meno meusi. Chale zinang'aa. Lipiko mtupu, yule mvaa kinyago anayetoka jandoni, roho za wafu ndani ya mti, wanawake na watoto wanakimbia. Na ni Bakari. Kila mtu angemjua kwa kovu la nyusi.

Mchoro wa nguo nyeusi nimeuchapa kwenye nguo ya njano. Mwanga wote nimeufanya giza. Swali la kwanza la kazi, lile ninalowatambia watu. Mtoto wa siku mbili kazini asingelikosea.

Mzee Athumani hakupandisha sauti. Akasema, "Ndugu yangu bado anapumua, wewe umeshamvika kinyago." Nikasema Mzee, nimekosea rangi. Akasema, "Mkono haukosei wenyewe. Umeongozwa."

Jumamosi, 17 Septemba

Wamemchukua. Kaka yake kamkalisha nyuma ya baiskeli, mtu wa ngiri, hadi Makote. Atatibiwa kwa mizizi. Kisu hakuna. Kasema mtu aliyekwisha kuitwa na wafu hivi, akilazwa juu ya meza ya Wazungu haamki.

Bakari hakubisha. Hilo ndilo limeniua. Angebisha, angenitukana. Kapita mbele ya meza yangu kama hanijui.

Siku tano zimebaki.

Jumapili, 18 Septemba

Sikufungua. Nimelala tu.

Mimi mjinga.

Jumatatu, 19 Septemba

Mama Zainabu kaja saa moja asubuhi. Nilijua amekuja kunilaani, nikawa tayari. Kichwani ana ndoo, imejaa mpaka ukingoni, majani juu yake yasimwagike. Ameshuka bondeni alfajiri mwenyewe. Wiki ya harusi ya binti yake, nyumbani wageni hawana maji ya kunawa.

Kaitua mbele yangu. Kasema, "Baba, chora tena. Uchore vizuri. Halafu ukanirudishie mume wangu."

Basi. Akaondoka.

Nimelia. Nimemaliza. Nimechora.

Safari hii giza ndilo nimelipaka: nywele, mvungu wa macho, kovu, chale, kona ya mdomo. Paji nimeliacha tupu, njano yenyewe itafanya. Karatasi nikaielekeza juani nikaitazama mbele na nyuma, nikauliza nguo rangi gani, nguo rangi gani, kama kichaa. Fremu mpya. Ndoo yote nimeitumia.

Ile fremu mbaya sikuiosha. Maji ya kuivua dawa sina. Wino nimeufuta kwa mafuta ya taa tu, nikaiegemeza ukutani. Ikawa inanitazama mchana kutwa.

Jioni nimechapa kimoja cha njano. Nikakitazama kwa muda mrefu sana kabla sijakiamini. Ni yeye. Anabana pini ambazo hazipo.

Jumanne, 20 Septemba

Makote na kurudi, kwa baiskeli. Miguu si yangu.

Kwanza nilikaa mbele ya kioo nikajichora mwenyewe. Haraka, kwa wembe, karatasi iliyotobolewa tu, haihitaji maji. Na nikajichora vilevile vibaya, makusudi: paji jeusi, macho mashimo, meno meusi. Nikajichapa kwenye fulana yangu nyeupe, nikaivaa. Nyuma ya baiskeli nimefunga fremu ile mbaya, kopo la wino mweupe, na vipande vya zambarau kutoka chini ya meza. Kipande cha njano nimekikunja nikakitia mfukoni mwa suruali.

Njiani watoto wawili walinikimbia. Bibi mmoja kwenye mkorosho wake alinitupia bua.

Kwa Mzee Athumani kumejaa watu. Wageni wa harusi, majirani, na Bi Somoe amekuja kumtazama mgonjwa. Bakari yuko barazani juu ya mkeka, tumbo kafungwa majani. Amekonda kwa siku tatu.

Nikaamkia. "Shikamoo Mzee."

Hakuitikia. Akatazama kifua changu. Kisha uso wangu. Kisha kifua.

"Na huyu nani?"

"Mimi, Mzee. Na mimi nimeitwa. Kama mtani wangu anakwenda, siwezi kumwacha aende peke yake, huko njiani watamwuzia maji ya kunywa kwa bei ya Newala."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikohoza. Mzee Athumani hakucheka. Akasema nimekuja kufanya mzaha juu ya mgonjwa. Nikasema hapana, Mzee, nimekuja kukiri, na nikikiri vibaya nitozwe kuku.

Nikatandika kipande cha zambarau chini, mbele ya wote. Nikamwomba Bi Somoe ashike fremu upande mmoja. Nikawaambia itazameni, ni ileile ya Ijumaa, nimeifuta wino tu, sijaiosha kwa kuwa sina maji. Nikamimina wino mweupe. Nikavuta mara mbili.

Nikainua.

Bakari. Mzima, anang'aa juu ya zambarau, paji na mashavu, kovu mahali pake. Wanawake wakasema aa! kwa pamoja. Bi Somoe akaweka kiganja kinywani.

Nikasimama nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mikoroshoni. Huyu hapa, na yule wa Ijumaa, ni mchoro mmoja. Niliuandaa kwa ajili ya nguo nyeusinyeusi kama hii. Ninyi mkabadili nguo, mimi sikubadili mchoro. Hakuna aliyeniongoza mkono. Laiti ningeongozwa! Hapa hakuna pepo, hakuna mzimu. Kuna Myao mmoja anayejisifu miaka minane kwamba yeye ni fundi, akakosea jambo la kwanza kabisa la kazi yake. Mkitaka kusema, semeni mjini kote.

Nikasikia jina langu lote linamwagika chini, miaka minane, Mombasa na Dar na yote. Lilikuwa linauma kama jino linavyong'olewa. Na bado nikaona afadhali.

Halafu kutoka kwenye mkeka: "Nilijua tangu mwanzo ni mbuzi."

Bakari. Sauti ndogo. Kisha akaniangalia kifuani, ule uso wangu wa mashimo, akaanza kucheka. Akacheka huku amejishika kwa mikono miwili, anasema aii, aii, mtoeni huyu, ananiua. Wakacheka wote. Mashangazi wakacheka hadi wakakaa chini. Nikaogopa kweli utumbo utanasa kwa kicheko changu nikawa nimemuua mara ya pili.

Mzee Athumani akaokota kile kipande, akakiinua juani. Alikaa nacho. Mimi nikakumbuka kile cha njano, nikakitoa, nikampa. Akaviweka viwili magotini, zambarau na njano, akawa anahamisha macho. Mwishowe akauliza mdogo wake, kwa Kimakonde, polepole. Kimakonde changu ni cha kutukania tu, lakini hilo nilielewa. Alimwuliza, wewe mwenyewe unaogopa?

Bakari akasema ndiyo. Akasema anaogopa kisu, na alikuwa anaogopa tangu kabla ya Ijumaa. Kinyago kilimpa sababu nzuri tu.

Mzee akaniambia, "Marahaba." Saa nzima baadaye! Na kuku nimetozwa.

Jumatano, 21 Septemba

Basi la alfajiri, kwenda hospitali. Bakari kakaa mbele na dereva, mto chini yake, mto mbele yake. Mzee Athumani kaja stendi, kamfunga mdogo wake hirizi mkononi na kumwambia asiivue mpaka Wazungu wenyewe waikate. Zainabu hakuruhusiwa kutoka, yuko ndani na somo wake anayemfunda. Kamtumia baba yake leso aliyoidarizi. Kaiweka mfukoni, hakuifungua mbele yetu.

Vipande vyote kumi na viwili, vitatu Mama Zainabu kavikata upya badala ya vile vilivyoharibika, nilimaliza kuvichapa jana jioni, jua likiwa linakaribia kwisha. Mama Zainabu amekaa kwenye cherehani ya mumewe anavishona. Alitaka kuja. Bakari kamwambia mama wa bibi harusi haondoki nyumbani, atakwenda Myao, hana kazi.

Nimekuja mimi. Masasi tumepita nyumbani kwetu bila kushuka. Nimempungia dada yangu dirishani, akashangaa.

Alhamisi, 22 Septemba

Wamemwingiza saa tatu. Kasema, "Nisipotoka, cherehani usimpe mtu wa mitumba."

Saa nne. Saa tano. Nimetembea hadi mwisho wa ua na kurudi, sijui mara ngapi. Kuna mwanamke anaanika mashuka, tumesalimiana mara nne.

Saa sita wamemtoa. Anapumua. Daktari kasema ilikuwa imeanza kunasa. Kasema siku mbili tatu zaidi, tungemzika.

Nikaenda nyuma ya jiko la hospitali nikakaa chini.

Jumamosi, 24 Septemba

Anaongea. Kanywa uji nusu kikombe, kautukana. Kidonda kizuri, muuguzi kasema.

Mchana akauliza saa ngapi. Saa nane na nusu. Akageuza uso ukutani. Nikajua. Saa hizo ndizo Zainabu anatolewa.

Sikuwa na la kufanya. Nikavuta kigoda karibu na kichwa chake nikaanza kumwambia. Nikasema sasa hivi wamefungua mlango. Mkeka umetandikwa mpaka barazani. Bi Somoe ndiye wa mbele, blauzi imembana, uso wako umetanuka kama mwezi. Akasema kuelekea ukutani, Bi Somoe hatangulii, anatangulia somo. Nikasema samahani, kweli, somo ndiye ametangulia, vumbi limenidanganya. Sasa wamepanga mistari miwili. Ngoma imeanza. Nyuso zako kumi na mbili zinaruka, moja imelowa jasho tayari. Zainabu yuko katikati, kajifunika. Anatembea hivi, kidogokidogo.

"Kavaa nini?"

Sikujua. Nikasema kijani. Kijani cha majani mapya ya mkorosho, na mkononi hina mpaka kiwiko. Akafikiri. Akasema ndiyo, kijani.

Nikaendelea. Maisha yangu yote nimesimulia mambo ambayo sikuyaona, watu wakicheka au wakiguna. Leo mtu aliniamini kila neno. Nikamwambia amepita karibu na blauzi ya shangazi mdogo, amesimama. Ameweka kiganja juu ya uso wako, pale kifuani. Amekaa hivyo. Wote wanamngoja.

Nikainama kumtazama Bakari. Alikuwa amelala, leso mkononi, pumzi zinapanda na kushuka chini ya shuka, sawasawa.

Nikaendelea kumwambia, kwa sauti ya chini, mpaka bibi harusi akaingia kwenye gari.